Sanduku Chini ya Lori la Taratibu

"Ukimpa yule mtu lori, cherehani yangu naibeba kichwani na hutanisikia tena!"

"Ibebe! Ibebe sasa hivi tuone! Kwani hiyo cherehani iliingia humu ndani kwa miguu yake? Si lori hilo hilo liliileta?"

"Liliniletea cherehani, sasa linataka kunipelekea mume jela."

"Jela wanakula, mke wangu. Angalau jela watu wanakula."

Binti yangu akafungua mdomo, akakosa la kusema, akaufunga. Na kumkosesha huyo la kusema si kazi ya kitoto. Mtaa mzima unamwita Sindano, na msidhani ni kwa sababu ya ushonaji peke yake.

Mimi nilikuwa kwenye kochi, macho nimeyafumba ila nachungulia kwenye kope, nakoroma. Nina ufundi wangu wa kukoroma: wa kulala kweli ni mmoja, na wa kusikiliza mambo ya watu ni mwingine, mwororo zaidi. Walidhani nimelala. Wasichojua ni kwamba funguo za lori walizokuwa wakizitafuta tangu asubuhi nilikuwa nimezikalia mimi, chini ya mto wa kochi, na zilikuwa zinanichoma pabaya.

"Funguo umezificha wapi?" mkwe wangu akauliza.

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyezificha ili useme nimezificha mimi."

"Nizifiche, halafu nizitafute?"

"Mwanaume aliyekosa kazi hakosi mchezo."

Nikakoroma kwa sauti zaidi, maana kicheko kilikuwa kimenifika kooni. Lakini moyoni sikuwa na raha. Yule mtu alisema angekuja alasiri kuchukua jibu, na jua lilishaanza kuingia kwa dirisha la jikoni.

Lazima niwaambie huyu mkwe wangu ni mtu wa namna gani, la sivyo mtamdhania mwizi kama walivyomdhania wengine.

Jina lake la barabarani ni Taratibu. Katika madereva wote walioumbwa, hakuna mwenye mguu mwepesi kwenye mafuta kama yeye. Konokono walikuwa wanampigia honi apishe. Siku moja jani lilikatika mtini mbele yake, akakanyaga breki, akalisubiri lianguke, livuke barabara, lifike upande wa pili salama, ndipo akaondoka. Mkisema naongeza chumvi, kamuulizeni utingo wake wa zamani, ambaye alipanda lori hilo akiwa kijana akashuka ana mvi.

Lakini mwendo huo huo ndio uliomlisha. Wenye mizigo ya kuoza walimpenda. Nyanya za Taratibu zilifika sokoni bila hata moja kupasuka. Mayai yalifika yamelala usingizi. Mama Vitunguu, ambaye ana vibanda kule soko kuu, alikuwa hampi mtu mwingine mzigo wake. Alikuwa akisema, "Madereva wengine wananiletea vitunguu vimeshakatwakatwa, bado kukaangwa tu."

Lori lenyewe alilinunua kuukuu kutoka kinu cha unga. Lilikuwa la bluu, na mlango wa kushoto una bonde kubwa kama sikio la tembo, kumbukumbu ya siku aliyorudi nyuma kwa furaha baada ya mtoto wao kuzaliwa, akaligonga tangi la maji la jirani. Hiyo ndiyo ajali pekee aliyowahi kupata, tena kwa mwendo ambao tangi lingeweza kukimbia likitaka.

Basi wakaja watu wa tivii.

Walikuja na kamera na miavuli yao, wakasema wanatengeneza mchezo wa polisi na magendo, ule unaoonyeshwa kila wiki, ambao Inspekta hacheki na miwani yake haivui hata akioga. Wakalitazama lori la mkwe wangu kama mtu anavyomtazama bibi harusi. Wakasema lina sura. Taratibu akavimba kichwa. Tangu lini mtu akaambiwa lori lake lina sura akalala usingizi?

Akawaazima. Wao wakalipeleka kwa fundi wao wa kuchomelea, wakalitengenezea sanduku la chuma chini ya bodi, mahali pa kufichia magendo ya mchezoni. Sanduku refu, bapa, lina mlango wake unaofunguka ukiinua ubao wa sakafuni. Walipomaliza kupiga picha wakamuuliza, "Tulitoe au tukuachie?"

Na hapo mkwe wangu akafanya kosa ambalo asiye na lori hawezi kulifanya. Dereva gani anakataa chuma cha bure? Akasema, "Niachieni. Nitaweka jeki humo, na spana, na turubai la mvua." Akawashukuru. Akawapa mkono mmoja mmoja.

Siku mchezo ulipotoka, sebule hii ilijaa majirani mpaka wengine wakatazamia dirishani. Lori lilipotokea tukapiga vigelegele. Lilikuwa linakimbia! Lori la Taratibu linakimbia, vumbi nyuma, polisi wanalifuata wamewasha ving'ora! Watu wakacheka mpaka wakalala chini. "Angalia, leo limemtoroka mwenyewe!" Mkwe wangu akawa anakanyaga breki pale alipokaa.

Halafu Inspekta akalikamata. Akalizunguka. Majambazi walikuwa wamelipiga rangi nyingine, lakini Inspekta akaweka kidole kwenye lile bonde la mlangoni, akasema kwa sauti yake ya ndani ya pipa: "Gari hubadilisha nguo. Kovu halibadiliki." Akapanda juu, akagonga sakafu kwa kirungu, ngo, ngo, akainua ubao. Ndani, magendo tele. Namba ya gari ikaonekana wazi. Majirani wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Nilimtazama Sindano, naye alikuwa ananitazama.

Safari iliyofuata, kizuizi cha kwanza, askari alimsimamisha akaanza kutabasamu kabla hata ya kuomba leseni. Akaita wenzake. Wakashusha nyanya zote, kreti moja moja, mpaka wakaufikia ubao. Ngo, ngo. Wakauinua. Jeki, spana na turubai. Wakapiga picha wamesimama na sanduku. Kizuizi cha pili hivyo hivyo. Cha tatu walimfanya aingie mwenyewe sandukuni wamwone anavyoenea. Hawakumpiga wala hawakumtukana, walimcheka tu. Nyanya zilifika sokoni zimekuwa supu.

Ikawa hivyo kila safari. Akalipiga lori rangi ya kijani, akidhani atapumzika. Ikawa ndiyo amewachochea! Askari wakiona rangi mbichi wanaenda moja kwa moja kwenye bonde la mlango, wanaweka kidole, wanasema wote kwa pamoja kama wanafunzi darasani: "Gari hubadilisha nguo. Kovu halibadiliki." Halafu kreti chini.

Akaenda kwa fundi wa kuchomelea amtolee lile sanduku. Fundi akaingia chini, akatoka akijifuta mikono. Watu wa tivii walikuwa wamekata mihimili ya chini ili sanduku lienee, kwa hiyo sasa sanduku ndilo linalobeba bodi. "Ukilitoa," fundi akasema, "lori linakatika kiuno. Inabidi mihimili mipya." Mihimili mipya inataka kazi, na kazi imekimbia kwa sababu ya sanduku. Akawapigia watu wa tivii. Simu ikajibiwa na sauti ya mashine, ikamwambia asubiri, ikampigia muziki. Nafikiri mpaka leo anasubiri.

Wenye mizigo wakamwacha mmoja mmoja, kwa adabu, jambo linalouma kuliko matusi. Mama Vitunguu alikuwa wa mwisho. "Mwanangu," alimwambia, "gari lako limekuwa staa. Vitunguu vyangu haviwezi kulala kizuizini vikisubiri lipigwe picha."

Siku hizi mkwe wangu anaamka kila asubuhi, anavaa shati la kazi, anafuta kioo cha lori, anaingia, anakaa nyuma ya usukani hapo hapo uani. Haendi popote. Mikono kwenye usukani, macho mbele. Mara moja nilimwona akiwasha taa ya kukata kona. Nikaingia ndani haraka asijue nimemwona.

Sindano naye wateja wamepungua. Gauni lake la harusi amelifumua, kitambaa amekishonea watu nguo za watoto. Alilifumua akiimba, ili nisisikie pua yake. Na mjukuu wangu, mtoto wao mmoja tu, wamempeleka kwa shangazi yake ambako sufuria bado inachemka. Wamemwambia ni likizo. Mtoto kila akipiga simu anauliza, "Likizo inaisha lini?" Shule zilishafunguliwa zamani.

Ndipo akaja yule mtu.

Sisi tunamwita Bwana Marashi, maana marashi yake yalibisha hodi kabla yake. Viatu safi, kucha safi, sauti laini kama mafuta ya nazi. Alikaa kwenye kochi hili hili. Sindano amefua foronya mara kadhaa na bado kochi likikaliwa linatoa harufu yake.

"Niliona mchezo," alisema. "Sanduku lile ni kazi safi."

"Ni la mchezo tu, bwana," mkwe wangu akasema. "Nimelichoka."

"Polisi nao wamelichoka. Safari yako ya mwisho walilifungua?"

Taratibu akafikiri. Ilikuwa kweli. Safari yake ya mwisho, moja tu aliyoipata baada ya Mama Vitunguu kumwacha, alibeba magunia ya mkaa, akapita vizuizi vyote. Askari walimpungia tu mkono: "Pita, msanii!"

"Umeona?" Bwana Marashi akatabasamu. "Wameligonga, wamelifungua, wamelipiga picha, wamecheka. Hakuna askari nchi hii atakayeinua tena ubao ule. Hakuna gari salama kuliko lako. Safari moja, tena uendeshe kwa mwendo wako ule ule. Baada ya hapo utaweka mihimili mipya na hutaniona tena."

"Mzigo gani?" Sindano akauliza kutoka kwenye cherehani.

"Mdogo. Hauozi, hauvuji, haulii."

"Ni maiti?" nikauliza mimi.

Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Bibi una utani." Akasimama, akasema angerudi alasiri ya leo. Akalipapasa lile bonde la mlango alipopita, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyekwisha kumnunua.

Basi mnaelewa kwa nini nilizikalia funguo.

Lakini kukalia funguo si dawa, hata kuku anajua kuna saa ya kuinuka. Kwa hiyo leo asubuhi nilisema jino linaniuma, nikashika shavu, nikatoka. Meno yenyewe niliyobaki nayo ni ya kuonyeshea wageni. Nikaenda moja kwa moja soko kuu kwa Mama Vitunguu. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, anachambua vitunguu vilivyopondeka, anamtukana dereva wake mpya.

"Huyo kijana anaendesha kama amemkimbia mke," akaniambia. "Tazama! Nusu gunia ni uji."

Nikaona mlango uko wazi, nikaingia. "Shoga, wewe unalia hapa na hujui yanayoendelea mjini? Watu siku hizi hawanunui kitunguu hivi hivi. Wanauliza, kimepanda gari gani? Kilichopanda lori la kwenye tivii wanakipiga picha kabla ya kukimenya. Kuna mke wa mkubwa mmoja alipata kimoja, akakataa kukipika. Amekiweka kabatini, pamoja na vikombe vya wageni. Kimeota majani, wanakimwagilia."

Mama Vitunguu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye vitunguu, akalia kweli. "Bibi, uongo wako utakuingiza peponi kwa mlango wa nyuma."

"Na polisi hawalifungui tena," nikamwambia. "Safari ya mwisho walimpungia mkono, akapita."

Hapo akaacha kucheka. Akanitazama kwa jicho la kupimia vitunguu. Ajabu ya binadamu: uongo wangu wote aliupokea kwa furaha, ukweli mmoja ndio uliomkwama kooni.

"Hilo siliamini," akasema.

"Mwenzio nina kipande cha siku tu," nikamwambia, na hapo sikuwa natania. "Alasiri lori linaondoka na mtu mwingine. Likiondoka naye, mkwe wangu hatarudi yule yule, hata akirudi."

Akainama, akaendelea kuchambua. "Nikija, nitakuja alasiri," alisema bila kuinua kichwa. "Nisipokuja usinisubiri."

Nikarudi nyumbani na shavu langu mkononi. Sikumwambia mtu. Ningewapa tumaini la nini, nikiwa mimi mwenyewe sina? Nikakaa juu ya funguo, nikaanza kukoroma.

Sasa tumerudi pale pale.

"Hebu fikiri kwa akili," Sindano alikuwa akisema. "Kama polisi wameacha kulifungua, si hata mzigo wa halali utapita?"

"Mzigo wa nani? Nitajie mtu mmoja! Nimezunguka soko lote. Nimewaambia polisi wamechoka, hawalifungui tena. Unajua wananijibu nini? Wananiomba niseme lile neno la Inspekta." Sauti ikamkatika. "Nimelisema, mke wangu. Mbele ya watu. Nilidhani wakicheka watanipa hata gunia moja."

Cherehani ilikuwa imesimama na kitambaa kimening'inia.

Halafu hatua zikaja mpaka mbele yangu. Nikakoroma vizuri kabisa.

"Mama," akasema Taratibu.

Nikakoroma.

"Mama, najua uko macho. Ukilala kweli huwa unapiga filimbi."

Nikafumbua jicho moja. Alikuwa amepiga magoti. Mkwe wangu, mtu mzima, magoti kwenye saruji, mikono imekunjana kama anaogopa itagusa kitu.

"Nipe funguo, mama."

"Funguo gani, baba? Nilizimeza. Nilidhani ni dawa ya jino."

Siku nyingine angecheka. Leo uso haukusogea.

"Mimi si mwizi," akasema. "Unanijua. Sijawahi hata kupita taa nyekundu. Lakini jana mtoto hakuuliza likizo inaisha lini. Hakuuliza, mama. Alinisimulia habari za shangazi yake, akanisalimia vizuri, akakata simu. Ameshazoea. Nitafanya nini mimi? Nitakaa kwenye lile lori mpaka anisahau sura?"

Na akalia, bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii sijawahi kuyaona machozi yake.

Nikamtazama binti yangu anisaidie. Nilimtegemea huyo. Ulimi wake unakata chuma, ungepata neno la kumsimamisha mumewe. Sindano alikuwa ameshika mkasi, anautazama kama hajui ni wa kazi gani. Aliponyanyua macho nikajua tumeshindwa.

"Mama," akasema polepole. "Mpe."

"Wewe! Si wewe uliyekuwa unabeba cherehani kichwani sasa hivi?"

"Mpe, mama. Safari moja. Nimechoka. Nitakaa naye mbele mimi mwenyewe, kama ni kukamatwa tukamatwe wote."

"Na mtoto?"

Akageuza uso ukutani.

Nimedanganya watu wengi maishani mwangu, tena wazima wenye akili zao. Niliwahi kumshawishi mkaguzi wa maji kwamba bomba letu ni la mapambo. Lakini pale, na mkwe wangu amepiga magoti mbele yangu, nilitafuta uongo mmoja tu wa kuwazuia, uwe mdogo, uwe mbovu, sikuupata. Kichwa kilikuwa kitupu kama sufuria zetu. Nikaingiza mkono chini ya mto. Funguo zilikuwa za moto kwa kukaliwa. Marashi yakapanda kutoka kwenye kochi. Nikamwekea mkwe wangu kiganjani, nikakifunga kiganja chake kwa mikono yangu yote miwili, nikashindwa kukiachia.

"Angalau sema na mimi kidogo," nikamwambia. "Sema chochote."

"Nitakwenda taratibu, mama," akasema.

Na hapo tukasikia viatu uani.

Vilizunguka lori. Vikasimama upande wa mlango wa kushoto, penye bonde. Kisha, wazi kabisa, ngo, ngo, mkono ukigonga bodi. Mkwe wangu akasimama, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Sindano akauweka mkasi chini. Viatu vikaja kizingitini, na pazia la mlango likaanza kusogea.

Nikavuta pua. Nilivuta kwa nguvu zangu zote za uzee, nikijaribu kuyapita marashi ya kochi, nikitafuta nyuma yake. Na ikaniingia harufu nyingine, kali, ya kuchoma macho, mpaka machozi yakanitoka.

Ilikuwa ya vitunguu.

"Hilo lori," akasema mwanamke mlangoni, akizitazama funguo kwenye kiganja cha mkwe wangu, "bado lina nafasi?"

Mkwe wangu akapita mbele yake, akaenda kulifungua lori.